Tarehe Mosi Januari

Sote saba tulizaliwa siku moja
na aliyetuzaa ni karani,
mwanamume mwenye miwani ya waya
na wino hadi kwenye kifundo cha kidole,
ofisini kwa Bwana Shauri, Lamu.

"Umezaliwa lini?"
Famau akajibu: mwaka wa nzige.
Shekuwe: Mfungo Sita, ukuta wa kina Bi Zena ulipoanguka.
Mimi nikasema, kamuulize mama.
Karani akachovya kalamu. Mara saba akaandika
tarehe mosi Januari,
na mwaka wowote wa kututimizia kumi na sita.

Daktari yeye alisoma makwapa.
Lali, aliyekuwa laini kama yai,
alijipaka masizi ya chungu cha nyanya yake;
jasho likamtoa siri,
mstari mweusi ukashuka mbavuni taratibu
mpaka daktari akaweka kipimo chini, akacheka,
akamgongea muhuri.

Huko chuoni, Mombasa, tulipewa viatu
kabla ya kupewa chakula.
Vidole vyetu vilivyozoea kutawanyika
vikafungwa gizani, kila kimoja kikimkanyaga mwenziwe.
Tukapewa nambari. Mimi mia nne na kumi na moja.
Tukapewa pasi ya makaa na suruali
ya kukunjwa mikunjo saba, si sita,
na ole wako ukitokea wa nane.

Kisha Sajini Ndambuki, mtu wa bara,
aliyeiona bahari mara ya kwanza akiwa na ndevu,
akatufundisha kuogelea.
Tulilala kifudifudi juu ya mabenchi,
sisi tuliookota sarafu chini ya gati
tangu meno ya utoto,
tukapiga mikono hewani: moja! mbili! pumua!
Hakuna aliyethubutu kumwambia.
Hata leo nikiota naogelea, naogelea kwenye benchi.

Usiku wa kwanza mtu alilia.
Twalib asema ni mimi.
Mimi nasema ni Twalib.
Kesi hii ina miaka sitini na ushei
na mashahidi wanazidi kupungua.

Tulijifunza pia uongo mmoja mzuri:
Lali akiruka ukuta kwenda sinema,
asubuhi nambari yake ikiitwa
mmoja wetu hubana sauti: "Yupo!"
Siku moja tukaitika watatu kwa pamoja.
Tulisugua sakafu wiki nzima, na Lali
akitusimulia filamu huku akisugua.

Sasa kila mosi Januari
tunakutana Langoni, kwa Famau,
ngazi zake zikituhesabia pumzi.
Hakuna keki. Kuna halwa, kuna kahawa chungu,
kuna simu iliyoegemezwa kwenye buli
ili Shekuwe atusikie kutoka Malindi,
naye kwa uziwi wake anapiga kelele
kana kwamba ni sisi tusiosikia.
Famau anaita nambari.
Zikifika za waliotangulia, hatunyamazi.
"Mia nne na kumi na tano!"
"Yupo!"
"Mia nne na kumi na sita!"
Huyo ni Lali. Twaitika wote, ovyo, tukipishana,
na hakuna tena wa kutupa sakafu.

Kahawa humiminwa kwa nambari.
Mwenye ndogo ndiye mkubwa,
kwa hiyo mimi hunywa wa kwanza
na Famau, mwenye mvi hadi nyusi, hungoja.

Ila mama, mwaka aliofariki, alinivuta kanzu.
"Januari gani? Wewe ulizawa usiku wa kuamkia Idi,
taa imekwisha mafuta, nikakushika kwa kupapasa.
Nzige? Nzige walikuwa wamekwenda zao
miaka mine."
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia.
Mbele ya karani yule nilisimama
na miaka kumi na miwili na miezi kidogo.

Sijawaambia.
Kikombe cha kwanza kina moto wake.
Lakini Twalib, kuhusu ile kesi yetu,
nitilie kingine, nifikiri.